Tunauza kompyuta za zamani za zahanati: data za wagonjwa zifutwe vipi zisirudi?

“Naendesha ofisi ya zahanati binafsi hapa Morogoro. Tumenunua kompyuta mpya na tunataka kuuza tisa za zamani: sita za mezani zenye hadi diski (hard disk) za GB 500, laptopu mbili zenye SSD, na moja ya mezani ambayo imekufa, haiwaki kabisa. Ndani yake kuna majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo yakiwemo ya VVU, madai ya bima na mishahara ya wafanyakazi. Fundi wetu anasema tufomati tu na kuweka Windows upya, imetosha. Mwingine anasema lazima kufuta mara saba, la sivyo data zinarudi. Mkurugenzi anataka zote zitobolewe kwa drili, lakini mnunuzi anatoa bei nzuri zikiwa kamili. Tumsikilize nani?”

Ndugu msomaji, fundi wako ndiye anayekosea vibaya zaidi, kwa sababu ushauri wake unaiacha kompyuta ikionekana safi huku data zote zimo. Yule wa mara saba anafuata kanuni za diski za zamani sana. Mkurugenzi anaogopa kitu cha kweli, ila kwa mashine nyingi mlizo nazo hakuna haja ya kuharibu mali. Zile hadi diski zenu sita zinaweza kusafishwa kabisa na kuuzwa. SSD mbili, yaani diski za chipu zisizo na sahani inayozunguka, nazo zinafutika, lakini kwa njia yake, si ile ya hadi diski.

Naomba uanze na ile isiyowaka, maana ndiyo watu huitupa bila kuifikiria. Kompyuta ya mezani isipowaka, mara nyingi kilichokufa ni pawa saplai au mazabodi. Hadi diski iliyomo ndani ni nzima, na kila kilichokuwamo siku ya mwisho bado kimo. Yeyote atakayeinunua kama skrepa ataitoa kwa skrubu nne, ataichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma majibu ya vipimo kama kawaida. Kwa hiyo itoeni na kuijaribu kwenye kompyuta nzima. Ikionekana, ifuteni pamoja na zile sita. Isipoonekana, au ikigonga tok-tok-tok bila kusomeka, hiyo tu ndiyo ya drili ya mkurugenzi, na nitaieleza mbele.

Sasa, kwa nini kufomati hakutoshi? Windows inapohifadhi faili huandika mahali pawili: yaliyomo kwenye faili yanakaa sehemu moja ya diski, na kwenye jedwali maalumu panaandikwa jina la faili na mahali lilipolala. Ukifuta faili na kumwaga lile pipa la taka, kinachobadilika ni jedwali: mstari ule unawekewa alama kwamba nafasi hiyo inaweza kutumika tena. Ukifomati kwa haraka, unatengeneza jedwali jipya tupu. Ni sawa na kuchana rejesta ya masjala na kuyaacha majalada yote kwenye rafu. Programu ya bure ya kurudisha faili kama PhotoRec hailihitaji hilo jedwali hata kidogo. Inapita diski sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja kimoja, ikitafuta alama za mwanzo wa faili: picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, PDF huanza na herufi %PDF. Kuweka Windows upya kunafunika makumi machache ya GB tu. Kwenye diski ya GB 500, sehemu kubwa inabaki kama ilivyokuwa.

Fundi anaweza kujitetea kwamba yeye hufanya fomati kamili, ile ya kuondoa tiki kwenye “Quick Format”. Tangu Windows Vista, fomati hiyo huandika sifuri kwenye sehemu nzima iliyochaguliwa, na hapo ana hoja. Kwenye Windows XP ilikuwa inakagua sekta mbovu tu bila kufuta kitu. Lakini hata hiyo kamili inagusa sehemu moja tu, na diski nyingi za ofisini zimegawanywa C na D, pamoja na sehemu zilizofichwa. Tena huwezi kufomati C huku Windows inaendeshwa kutoka humo humo.

Na kama kuna anayesema “nani atahangaika kuchungulia”, mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kukagua hadi diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizokuwa zinafanya kazi ni 129, na zilizofutwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Kwenye nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, barua binafsi na taarifa za matibabu. Wauzaji wengi walikuwa wameshafuta faili zao au kufomati, wakaamini wamemaliza.

Habari ya kurudia mara nyingi, saba au hata thelathini na tano, ina asili yake. Mwaka 1996 Peter Gutmann aliandika utafiti uliopendekeza kuandika juu ya diski mara 35, kwa mitindo tofauti, ili kukidhi namna mbalimbali ambazo diski za wakati ule zilihifadhi data. Baadaye yeye mwenyewe aliongeza maelezo kwamba kuzirudia zote 35 kwenye diski za kisasa hakuna maana. Mwongozo namba 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, toleo la 2014, ulisema kuandika juu mara moja tu kunatosha kwa hadi diski ya kawaida. Mistari ya sumaku ndani ya diski sasa imebanana mno, na ukishaandika juu hakuna kinachobaki cha kusomeka.

Kuna sababu nyingine ya kuishia mara moja. Diski ya GB 500 inayoandika kwa MB 100 kwa sekunde inamalizika kwa kama saa moja na nusu. Mara saba ni karibu saa kumi. Mara 35 ni siku mbili mfululizo kwa diski moja. Umeme ukikatika katikati, fundi anachoka, anaacha, na hakuna anayejua kazi iliishia wapi. Mara moja iliyofika mwisho na kuhakikiwa ni salama kuliko mara saba zilizokatishwa.

Kabla ya kufuta chochote, hakikisha mnabaki na nakala. Programu za zahanati na za duka la dawa mara nyingi hazihifadhi kumbukumbu zake kwenye “Documents”. Ziko kwenye folda ya hifadhidata, kwa mfano ya MySQL chini ya C:\ProgramData, na mtu anayenakili vilivyo kwenye “Desktop” na kwenye Documents tu anaziacha. Ifungue nakala kwenye kompyuta mpya, umtafute mgonjwa wa miaka mitatu iliyopita, uone rekodi yake inafunguka. Hapo ndipo uruhusu ufutaji. Kumbukumbu za wagonjwa zina muda wa kutunzwa kisheria, kwa hiyo kufuta kompyuta kusiwe kufuta kumbukumbu. Na kama kuna kesi, ukaguzi au mgogoro wa madai ya bima unaoendelea, mashine zinazohusika zisiguswe mpaka mwanasheria aseme.

Kwa hadi diski, njia ninayoipendekeza ni ShredOS. Ni mfumo mdogo wa bure unaowekwa kwenye fleshi na kuwasha kompyuta moja kwa moja hadi kwenye programu ya kufutia iitwayo nwipe. Chomoa kwanza kila kitu kisichofutwa, hasa ile diski ya nje yenye nakala. Hili nalisisitiza kwa sababu nwipe inaorodhesha kila diski inayoiona, na haijui ipi ni ya nakala. Kwenye orodha utaona modeli na namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski; linganisha namba hiyo na ile ya stika iliyo juu ya diski yenyewe. Bonyeza kitufe cha nafasi kuichagua, bonyeza m kuchagua mtindo, chukua ule wa kujaza sifuri, acha uhakiki wa mwisho ukiwa umewashwa, halafu bonyeza S kubwa kuanza. Uhakiki unaongeza muda karibu mara mbili, kwa hiyo tenga saa tatu au nne kwa GB 500. Kompyuta sita unaweza kuziendesha zote kwa pamoja, kila moja na fleshi yake. Ikimaliza, matoleo ya sasa ya nwipe yanatengeneza cheti cha PDF chenye namba ya diski, tarehe na matokeo. Kihifadhi.

Kama fundi hataki kutoka kwenye Windows, atoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, afungue dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

diskpart
list disk
select disk 1
detail disk
clean all

Namba ya diski aiangalie kwa makini kwenye orodha, isije ikawa ya kompyuta anayofanyia kazi; “detail disk” inamwonyesha modeli kabla hajafanya lisilorudi. Neno “all” ndilo lenye kazi. “clean” peke yake inaondoa mgawanyo wa diski ndani ya sekunde chache na kuacha data zote. “clean all” inaandika sifuri diski nzima, na haionyeshi asilimia wala mshale unaosogea. Dirisha linakaa kimya kwa masaa. Wengi hudhani limekwama wakalifunga. Liachwe mpaka litoe ujumbe kwamba DiskPart imefaulu kusafisha diski. Na kama diski imechomekwa kwa waya wa USB 2.0, kasi inashuka hadi kama MB 30 kwa sekunde, na GB 500 zitakula karibu saa tano.

Kuhakiki kwa macho yako ni rahisi. Washa Ubuntu, mfumo wa bure wa kompyuta kama ilivyo Windows, kutoka kwenye fleshi bila kuisakinisha, fungua terminali (dirisha la amri), uandike:

sudo cmp /dev/sda /dev/zero

Amri hii inalinganisha diski nzima, hapa iitwayo /dev/sda, na sifuri tupu. Diski ikiwa safi, itasoma mpaka mwisho na kukuambia imefika mwisho wa /dev/sda baada ya baiti 500107862016, ambacho ndicho kipimo halisi cha diski nyingi zinazouzwa kama GB 500. Ikisema diski zinatofautiana kwenye baiti fulani, kuna kitu kimebaki, rudia kufuta. Ifanye kabla hamjaweka Windows upya, maana Windows itaandika vitu vyake.

SSD ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo hata mafundi wazuri huteleza. Ndani ya SSD hakuna sahani inayozunguka. Kuna chipu za kumbukumbu na kidhibiti kinachoamua kila kipande cha data kikae wapi. Seli za chipu huchakaa kwa kuandikwa, kwa hiyo kidhibiti huzungusha maandishi ili zichakae sawasawa. Ukiiambia kompyuta iandike sifuri pale faili lilipokuwa, kidhibiti kinaziandika kwenye seli nyingine na kukiacha kile kipande cha zamani mpaka kitakapopata nafasi ya kukifuta. Isitoshe, kila SSD ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu za kufuta faili moja moja kwenye SSD na wakakuta kila mbinu imeacha sehemu ya data nyuma. Ndiyo maana DBAN na programu nyingine za kuandika juu hazifai kuwa njia yako ya kwanza hapa.

Njia sahihi ni kukiamuru kidhibiti chenyewe kifute seli zote, pamoja na zile za akiba. Laptopu nyingi za kiofisi, kama Dell Latitude na HP EliteBook, zina amri hiyo ndani ya BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka: Dell wanaiita Data Wipe, HP wanaiita Secure Erase. Ingia BIOS, itafute, thibitisha, na mara nyingi kazi inaisha ndani ya dakika chache. Isipokuwepo, tumia Ubuntu ya fleshi. Kwa SSD ya SATA, ambayo mara nyingi ina umbo kama la hadi diski ya laptopu, anza kwa kuangalia:

sudo hdparm -I /dev/sda

Shuka mpaka sehemu ya “Security”. Unataka kuona “not frozen”. Ukiona “frozen” bila “not”, BIOS imeifungia amri hiyo wakati wa kuwaka. Dawa yake ya kawaida ni kuilaza laptopu kwa suspend, kusubiri sekunde chache, kuiamsha na kuangalia tena. Ikishafunguka:

sudo hdparm --user-master u --security-set-pass futa /dev/sda
sudo hdparm --user-master u --security-erase futa /dev/sda

Neno “futa” hapa ni nywila ya muda. Kazi ikiisha vizuri inaondoka yenyewe. Umeme ukikatika katikati, diski itabaki imefungwa kwa nywila hiyo, kwa hiyo iandike pembeni, acha chaja imechomekwa, na betri iwe imejaa. Usiifanye kupitia waya wa USB. Vigeuzi vingi vinakataa amri hii au vinaiharibu njiani. Kama SSD ni ya aina ya NVMe, mara nyingi ile nyembamba kama kipande cha pipi ya kutafuna, sakinisha nvme-cli na utumie:

sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Halafu hakiki, maana kidhibiti kinaweza kukudanganya. Katika utafiti ule wa San Diego kulikuwa na SSD iliyoripoti kwamba imefuta huku data zote zimo. Andika sudo hexdump -C /dev/sda | less, au nvme0n1 mahali pa sda. Iliyo safi inaonyesha mstari mmoja wa sifuri, nyota moja, kisha namba ya mwisho. Baadhi huonyesha ff badala ya 00. Ukiona maneno yanayosomeka, haijafutwa.

SSD ikikataa kabisa, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuisimba yote, yaani kugeuza data zisisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows, ukichagua diski nzima na si nafasi iliyotumika tu, kisha kuifuta. Inapunguza hatari sana, lakini vipande vya zamani vilivyokuwa kwenye akiba kabla ya kusimba vinaweza kubaki. Kwa picha za familia ningeridhika nayo. Kwa majibu ya VVU siridhiki, na ningekushauri ya pili: toa SSD, iharibu, uza laptopu bila diski au weka SSD mpya ndogo. Bei utakayopunguza ni ndogo ukilinganisha na mgonjwa mmoja kusikia habari zake mtaani.

Kuharibu nako kuna namna yake. Hadi diski ya mezani itobolewe matundu matatu au manne yanayopita kwenye sahani, si kwenye ile bodi ya kijani ya nje. Kuvunja bodi peke yake hakusaidii, kwa sababu maabara inaweza kuibadilisha na kusoma sahani. Diski ndogo za laptopu mara nyingi zina sahani za kioo zinazopasuka vipande vikali, kwa hiyo vaa miwani ya kazi. SSD usiitoboe kwa kubahatisha: fungua kasha uone chipu ziko wapi, uhakikishe kila moja imevunjika. Sumaku ya spika haifanyi kitu cha maana kwa hadi diski, na kwa SSD hakuna sumaku inayofuta. Msichome moto, moshi wake ni sumu.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Andaeni karatasi moja yenye namba ya kila diski, njia iliyotumika, tarehe, jina la aliyefuta na la aliyeshuhudia. Siku mtu akiuliza, hiyo karatasi pamoja na vyeti vya nwipe ndiyo jibu lenu.

Vitu vinavyosahaulika: CD iliyobaki ndani ya kompyuta, kadi ya kumbukumbu kwenye laptopu, nywila ya BIOS ambayo mnunuzi ataishindwa, na fotokopi. Mashine kubwa ya fotokopi inayoskani na kuprinti huwa na hadi diski yake ndani, na inaweza kuwa na nakala za kila fomu iliyopita juu yake. Mkija kuiuza, mwiteni anayeihudumia aitoe au aifute mbele yenu.

Mnaweza kuifanya kazi hii yote wenyewe na fundi mmoja makini. Tafuteni mtaalamu ana kwa ana kama kuna seva yenye diski kadhaa zilizounganishwa pamoja, kama diski iliyokufa ndiyo yenye nakala pekee ya kumbukumbu fulani, au kama diski imejifunga kwa nywila msiyoijua. Akija, afanyie kazi hapo hapo zahanati, kwa namba za diski mlizoziandika ninyi, na mtu wenu akiwepo. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilikubaliana na Morgan Stanley ilipe dola milioni 35. Benki hiyo ilikuwa imeikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo kazi ya kuondoa maelfu ya diski, na kampuni hiyo haikuwa na uzoefu wa kuharibu data. Baadhi ya vifaa viliishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja ndani. Fundi akisema atazichukua nyumbani akazifanyie huko kisha akuletee ripoti, mkatalie kwa upole, na umwonyeshe meza ya kufanyia kazi.